Mama Pumzi na Turbo Mbili

Mtaa mzima humwita Mama Pumzi, na jina hilo hakulipata kwa ugonjwa wa kifua. Turbo ya pikipiki, kile kifaa kinachozungushwa na moshi ili kuisukumia injini hewa, ikiingia gerejini kwake, huifuta masizi, huweka mdomo kwenye tundu la kuingilia moshi, hupuliza mara moja tu, kisha huhesabu moja, mbili, tatu, mpaka feni ya ndani isimame. Wengine wana mashine za kupimia. Yeye ana mapafu.

Wiki moja kabla ya mashindano ya kupanda mlima, mdogo wake wa kiume alimwekea turbo mbili mezani: moja kama ngumi, nyingine kama bakuli la familia.

"Nifungie kubwa, dada. Fundi wa ng'ambo ya barabara kafunga kama hii. Mwaka jana nilishindwa. Nikishindwa tena nahamia kwake, usinione mbaya."

Damu yake mwenyewe, kuhamia kwa yule! Dada akazifuta masizi, akazipuliza moja moja. Ndogo ilizunguka mpaka tisa. Kubwa ikageuka nusu, ikasimama kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda.

"Injini yako ni silinda moja," akasema. "Moshi wake hukohoa, haupulizi. Kwenye barabara iliyonyooka bakuli hili litakupeleka kama jini. Mlima wenu una kona ngapi?"

"Kumi na nne."

"Basi utalingoja liamke mara kumi na nne."

"Kawia ufike, dada."

"Ufike ukute wenzako wameshaoga."

"Na ile inayozungushwa na mkanda wa injini? Hiyo haingoji moshi."

"Haingoji, ila inakula nguvu ya injini ileile. Mtu akusaidie mzigo huku amekupanda mgongoni? Injini yako haina mgongo huo."

Akafunga ndogo.

Siku ya mashindano alisimama kona ya mwisho, mikono kifuani. Pikipiki ya fundi wa ng'ambo ilitangulia kufika. Mwendeshaji akakamua mafuta, injini ikajivuta kama iliyoamshwa kwa fujo. Mdogo wake akampita kwa ndani, akamaliza wa kwanza. Lile bakuli lilipoamka, mshindi alikuwa ameshavua kofia.

Jumatatu fundi wa ng'ambo akavuka barabara, bakuli lake limeviringishwa gazeti.

"Mama Pumzi, hebu nipulizie."

Akamsogezea kigoda, akafuta masizi taratibu.

"Kupuliza nitapuliza," akasema. "Kuhesabu, hesabu wewe."

Fundi alisema moja. Mbili hakuifikia.