Moyo Mkubwa wa Shangazi

Shangazi yangu wa Itumba alinipigia simu nikiwa nalisha samaki. Alikuwa na furaha utadhani kapata mjukuu. "Atu mwanangu, daktari kanisifia! Kanipiga picha kifuani, kaiangalia wee, halafu kasema, mama, una moyo mkubwa." Chakula cha samaki kilinimwagika chote ndani ya tangi.

Niseme mapema kwamba mimi nasomea udaktari ule usio na sindano, huko ughaibuni, na utafiti wangu wote ni juu ya huo moyo mkubwa. Ni ugonjwa. Moyo unatanuka, misuli yake inalegea, damu inasukumwa kwa tabu. Ninauchunguza kwa samaki wadogo wenye mistari kama pundamilia, maana wakiwa wachanga miili yao inapitisha mwanga na unaona moyo ukidunda ndani. Nilimweleza shangazi yote hayo mpaka koo likakauka. Yeye akacheka tu. "Unanionea wivu." Nilipomuuliza habari za vidonge alivyopewa, akanijibu, "Habari za hivyo tutaongea ukija." Likizo ilikuwa karibu. Nilikata tiketi roho ikiwa juu.

Asubuhi nilishuka uwanja wa ndege wa Songwe, nikapanda basi la Tunduma. Baridi ya kwetu ilinipokea vizuri, ile ya kukufanya uvute kanga hadi masikioni. Huko Mbozi watu walikuwa wakianika kahawa, na Vwawa tukanunua parachichi kupitia dirishani. Jamani, nilikuwa nimeikumbuka njia hii.

Tunduma nilisimama kununua zawadi. Malori yalikuwa kwenye foleni yao ya kuvuka Zambia, na mwenye duka la vitenge, mzee mmoja mcheshi mwenye kofia ya kiua, aliniita kwa Kibemba tangu mbali. "Muli shani, mayo! Njoo uone chitenge." Nikamjibu mimi si Mzambia, ni mtu wa Ileje, narudi likizo kutoka ughaibuni.

"Karibu nyumbani basi, mwanangu. Unafanya kazi gani huko?"

"Nafuga samaki."

"Wakubwa?"

Nikamwonyesha kidole changu cha mwisho. Akanitazama kwa huruma. "Hao si dagaa? Umesoma kote huko ukafuge dagaa!" Tulicheka wote wawili, na bei akanipunguzia.

Nikapanda gari jingine, na pale njiapanda ya Mpemba likaingia barabara ya Ileje, likaanza kupinda na milima. Shangazi alikuwa ananisubiri stendi ya Itumba. "Shikamoo shangazi." "Marahaba, umekonda!" Kabla sijamaliza kumkumbatia, begi langu lilikuwa kichwani kwake. Nililing'ang'ania, akanikemea. Tulipokuwa tunapanda kwenda nyumbani alisimama mara mbili akijifanya anasalimia watu. Mara ya pili hapakuwa na mtu. Nikaangalia miguu yake. Ilikuwa imevimba, viatu vimembana. Niliogopa sana.

Baada ya chai nikasema, "Shangazi, leta vidonge nivione."

"Nimemgawia Mama Tumaini."

"Nani?"

"Si huyu jirani! Mchoyo huyo, mwanangu, hata chumvi hakupi. Nikaona akimeza dawa ya moyo, labda na wa kwake utakua kidogo."

Nilicheka, halafu nikalia, halafu nikakasirika, vyote kwa pamoja. Ndipo nikatoa simu na kumwonyesha picha za video za samaki wangu wawili wachanga. Wa kwanza moyo wake ulikuwa unadunda pu, pu, pu. Wa pili moyo ulikuwa umejaa kama mfuko wa maji, unajivuta.

Akaisogeza simu karibu na macho. "Huyu wa pili mbona anachoka hivi?"

"Huyo ndiye mwenye moyo mkubwa."

Alimtazama muda mrefu. "Kumbe ndiye mimi," akasema taratibu. Kisha akauliza, "Alipona?"

Sikutaka kumdanganya. "Huyo hakupona. Hawa samaki wana bahati yao, moyo ukikatika kipande unaota tena, ila ugonjwa huu unawashinda hata wao. Wa kwetu binadamu hauoti, shangazi. Ndiyo maana umepewa dawa, uutunze huo ulio nao."

Akajifunga kanga, akaenda mwenyewe kwa jirani, mimi nyuma yake. Nilikuwa nimejiandaa kumkuta Mama Tumaini ameanguka, presha imeshushwa na dawa zile. Yule mama akaingia ndani, akatoka na kopo la maziwa lenye kifuniko. Vidonge vilikuwemo vyote. "Kitu cha bure unakimezaje haraka hivyo?" akasema. "Nilikuwa navitunza." Sijawahi kuubariki uchoyo wa mtu kama siku ile.

Asubuhi tulikwenda hospitali kuuliza kama bado vinafaa. Mganga akavikagua, akampa vingine vipya, akamkumbusha masharti: chumvi apunguze, mizigo aache, kliniki asikose.

Siku ya kuondoka shangazi alinisindikiza hadi stendi. Gunia la maharage alilonifungia lilibebwa na bodaboda, yeye akatembea mikono mitupu. Alipochoka alikaa kwenye jiwe bila kumsingizia mtu salamu. Nami nikakaa pembeni yake, moyo wangu umetulia kabisa.

Kuna kitu nilirudi nacho zaidi ya maharage. Zamani nikieleza utafiti wangu kwa Kiswahili nilikuwa nasema "moyo mkubwa" bila kufikiri. Sasa nasema "moyo uliolegea". Kwetu, ukimwambia mtu ana moyo mkubwa umempongeza, na hakuna anayetibiwa pongezi.

Miezi ilipita, simu ikaita tena nikiwa kwenye matangi. Safari hii alikuwa ananong'ona.

"Atu, nimetoka kliniki. Wamepiga tena picha. Wanasema moyo umepungua."

"Shangazi! Mungu mkubwa!"

"Shh! Usimwambie mtu," akasema. "Wataniita mchoyo."