Jina la Bi Riyama kwenye Makala ya Vichanga

Chuoni alikosomea Bi Riyama, muuguzi alifundishwa kuandika ripoti ya zamu kwa hati nzuri na bila ya maoni. "Mgonjwa kalala vizuri." Kwa kipimo gani, hakuna aliyeuliza. Stashahada zikatolewa, na pilau ikatosha.

Alipofika miaka arubaini na mbili akarudi kusoma shahada. Mwalimu wake, Bi Fathiya, akawaambia wauguzi kuwa wanayoyaona wodini yanaweza kuchapishwa katika jarida. Darasa zima likacheka. Riyama akenda kununua daftari.

Miezi minane, kwenye wodi ya wazazi, alipima joto la vichanga mia nne na kumi na mbili. Waliokogeshwa saa ile ile ya kuzaliwa walipoa. Waliongojewa hadi kesho yake, hawakupoa. Kazi ilikuwa kwa mabibi wa watoto, waliotaka kichanga akogeshwe kwanza ndipo aadhiniwe.

"Mtoto aadhiniwe na uchafu wake?" alimaka Bi Mwatum wa Chwaka.

Riyama akamfuta mtoto kwa kitambaa cha vuguvugu, akamlaza kifuani mwa mama, akampisha baba aadhini pale pale. Bibi akakubali kungoja. Na wa pili, na wa mia.

Makala aliiandika Daktari Abdulwahid, mkuu wa wodi, kutoka daftari la Riyama. Majina matatu, yote ya madaktari; mmoja muda wote huo alikuwa masomoni Uturuki. Mwishoni walishukuriwa "wauguzi wote."

Jarida likauliza jambo moja: familia zilikubali vipi kungoja?

"Bi Riyama, nitilie aya mbili tu, kabla ya Ijumaa," alisema Daktari.

"Jina langu la ngapi?"

"Majina tena! Tunafanya kwa ajili ya watoto."

"Watoto nimewapima mie. Nataka la kwanza."

"Muuguzi amtangulie daktari? Watatucheka."

"Basi jibu wewe. Si ulikuwepo?"

Daktari akajibu kuwa familia "zilielimishwa." Jarida likaikataa makala, kwa adabu nyingi. Mbele ya wodi nzima Daktari akamwita Riyama mchoyo wa elimu.

"Elimu ya nani?" Riyama alimuuliza.

Akaiandika upya mwenyewe, Bi Fathiya akimsimamia. Ila jarida linataka ruhusa ya kutumia takwimu za wodi, na ruhusa hutiwa sahihi na mkuu wa wodi. Fomu ina wiki ya sita mezani kwa Daktari Abdulwahid. Kila asubuhi, akishapokea zamu, Riyama huingia ofisini mwake bila ya kupiga hodi, akasimama mbele ya meza ile.