Kuku Aliyepikwa na Lazarus

Awinja alikuwa mpima ardhi mjini Kakamega. Wiki nzima alishinda kwenye mashamba ya watu akitafuta mipaka na kuamua ugomvi. Mumewe, Lazarus, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyewahi kufika nyumbani, na ndiye aliyepika. Waliishi hivyo miaka sita bila kuona ajabu, mpaka mama mkwe alipokuja kutoka Likuyani Jumamosi moja.

Jumamosi hiyo Awinja alirudi amejaa matope, akamkuta Lazarus jikoni akigeuza kuku. Hodi ilipobishwa, alimpokonya mwiko, akamvua aproni na kujifunga yeye.

"Nenda ukae sebuleni," alinong'ona.

Lazarus alimtazama kidogo, akaenda.

Mama mkwe alikula obusuma, ugali wa kwao, na ingokho, yule kuku, hadi akanyonya mifupa.

"Nani alikufundisha kupika hivi, mwanangu?"

"Mama yangu," Awinja alijibu. Lazarus hakuinua macho kutoka kwenye sahani.

"Basi mwezi ujao, wakwe wa Mukhwana wakija kwetu, kuku utapika wewe."

Mukhwana alikuwa mdogo wake Lazarus. Siku hiyo ilipofika, Awinja alisimama jikoni Likuyani mbele ya kuku wanne waliochinjwa, wanawake wa kanisa wakimngoja. Hakujua hata firigisi hutolewaje. Akamwita mama mkwe nyuma ya ghala la mahindi.

"Mama, siku ile sikupika mimi. Alipika Lazarus."

"Najua. Mimi ndiye niliyemfundisha, maana sikujaliwa binti."

"Mbona hukusema?"

"Nilingoja mseme ninyi. Mwanangu alikula chakula chake kama mgeni, na wewe ukamwacha."

Maneno hayo yalimchoma. Mwaka uliopita mkubwa wake afisini alitia jina lake mwenyewe kwenye ramani iliyochorwa na Awinja, naye Awinja hakumsemesha mwezi mzima. Sasa alitamani ardhi immeze.

Alitembea hadi kwenye turubai walikoketi wanaume.

"Lazarus, njoo upike," alisema mbele yao wote. "Mimi sijui. Hata siku ile ulipika wewe."

Wazee wawili walicheka. Lazarus aliinuka akakunja mikono ya shati. Awinja alimenya vitunguu kando yake mpaka adhuhuri, na hakuthubutu kumtazama usoni.