Karabai Kumi na Moja Ambazo Hazijawahi Kuwashwa

Nina karabai kumi na moja, zote ndani ya maboksi yake ya zamani, na hakuna hata moja iliyowahi kuonja mafuta taa. Nimezitafuta miaka mingi, kwenye stoo za maduka huko Cheptiret na kwa wazee waliozisahau chini ya kitanda. Iliyotumika siitaki. Karabai ukiiwasha mara moja tu, kifuniko chake cha juu kinaungua rangi na hakirudi vile kilivyokuwa. Watu husema nimerukwa na akili. Waseme.

Shida ni kwamba naishi Huruma, kwenye ploti ya vyumba kumi na viwili na geti moja. Jirani yangu, mama ambaye kila Jumapili huniletea sahani ya githeri, alifiwa na mume wake wiki ile transfoma iliungua. Akaja mchana.

"Mzee, watu wanakuja matanga na hatuna stima. Niazime karabai moja tu, ya jioni hizi mbili."

Nikamwambia zote ni mbovu. Ulimi ulijisemea wenyewe. Nikaongeza kwamba spea zake siku hizi hazipatikani. Akaniambia pole. Yeye mfiwa, akaniambia mimi pole. Jioni watu wakaimba na kuomba kwa mwanga wa simu, nami nimekaa katikati yao, najua chumbani kwangu kuna nini.

Tangu hapo nimefungwa. Mtu akitaka kuja kuziona, atapita mbele ya mlango wa mama yule, naye atajua kwamba ni nzima. Kuhama siwezi, maana maboksi yatabebwa ploti nzima ikiangalia. Hata kuyapanguza vumbi najifungia ndani na kuvuta pazia, mtu mzima na mvi zangu, najificha na taa.

Juzi akapiga hodi akiwa na fundi wa jua kali. Alikuwa na furaha kweli.

"Nimekuletea zawadi, Mzee. Huyu ni wa kanisani kwetu, ametengeneza karabai tangu ujana wake. Atakutengenezea zote bure."

Nilitafuta uongo mwingine nikakosa, nikawapisha wakaingia. Fundi akafungua boksi la juu, akatoa karabai, akazungusha kizibo cha tangi, akanusa. Akafungua la pili, akanusa tena. Kisha akaniangalia.

"Sasa nitengeneze nini? Hizi ni mpya. Hazijawahi kuwashwa."

Mama akauliza polepole, "Hata ile siku zilikuwa hivi?"

"Zilikuwa hivi," nikamjibu.

Nilitamani anitukane. Nilitamani apige kelele majirani wote wasikie, yaishe. Lakini alichukua ile karabai mkononi mwa fundi, akairudisha ndani ya boksi, akakunja makaratasi vile yalivyokuwa yamekunjwa, akaliweka boksi juu ya mengine.

"Zisiingie vumbi," akasema. Akatoka na fundi wake, akanifungia mlango.