Jumamosi ya Kutoa Vitu Nje

Enzi zetu pale Ihanda, usafi wa nyumba haukuwa siri ya mwenye nyumba. Kila mwaka, Jumamosi moja kabla ya Krismasi, jua likichomoza bila mawingu, kila familia ilitoa nje kila kitu ilichonacho, kuanzia kitanda mpaka kijiko, na kukipanga kwenye majani mbele ya nyumba. Ndani pakishabaki patupu, kazi ilianza. Tulifuta masizi ya mwaka mzima na utando wa buibui. Tulimwaga maji ya moto kwenye maungio ya vitanda ili kunguni wasile sikukuu pamoja nasi. Sakafu tuliisiriba kwa udongo uliokandwa na kinyesi cha ng'ombe, na kuta zikapakwa udongo mweupe wa kutoka mtoni. Ilibidi kuwahi, maana Desemba ya kwetu Mbozi asubuhi hukupa jua na mchana hulidai kwa mvua.

Wa rika langu mnaikumbuka harufu ya sakafu mbichi. Mnakumbuka pia mikono ilivyochubuka kwa kusugua sufuria kwa majivu na mchanga, mpaka mama aridhike kwamba anaiona sura yake humo, na hakuwa mtu wa kuridhika haraka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na siku hiyo niliichukia kuliko mtihani wa hesabu. Sababu ilikuwa jirani yetu Atupele. Baba yake alikuwa miongoni mwa watu waliochangamka pale biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi, na kila aliporudi kutoka Tunduma, mpakani, alirudi na kitu. Kwao walitoa nje makochi manne, bado yamevaa nailoni ya dukani. Walitoa redio yenye spika mbili. Walitoa kabati la vioo lililobebwa na watu wanne, na glasi zake zikagongana njia nzima kama zinacheka. Na walipomaliza kutoa vyote hivyo, hawakuwa na sakafu ya kusiriba, kwa sababu yao ilikuwa ya saruji, nyekundu, ya kupigwa dawa na kung'arishwa kwa kitambaa.

Sisi tulitoa vitanda vitatu vya kamba, meza, viti viwili ambavyo kimoja kilihitaji kuegemezwa, sahani za bati, na kalenda ya miaka miwili nyuma ambayo mama aliipenda kwa picha yake ya maua. Lundo letu lilikuwa dogo kiasi kwamba kuku waliliruka bila kujisumbua kulizunguka.

Mwaka ninaousimulia, Atupele alikuja mpaka kwenye uzio wa miti ya mikahawa uliotutenganisha. Akasimama, mikono kiunoni, akakagua.

"Bado mnatoa?" akaniuliza.

"Tumemaliza."

"Mwe! Kumbe ndiyo vyote?"

Hakusema kwa ubaya, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Alishangaa kweli. Nilirudi ndani nikasiriba sakafu huku nikilia, nikijifuta machozi kwa mikono ileile yenye udongo. Mama na dada yangu walikuwa wameteremka mtoni kuchota udongo mweupe, baba yuko shambani akipalilia mahindi, na bibi, mama yake baba, tulikuwa tumemweka nyuma ya jiko aote jua. Alikuwa amejifunika shuka usoni na kusinzia.

Nilipomaliza sakafu nikatoka kinyumenyume, kama inavyotakiwa, na macho yangu yakaangukia sanduku la bibi. Lilikuwa la bati, limefungwa kwa mpira wa baiskeli, na ndicho kitu pekee tulichokitoa nje kila mwaka bila kukifungua. Nikalifungua. Juu palikuwa na blanketi jipya kabisa, la bluu, lenye mistari, na chini yake shuka jeupe pana ambalo halijawahi kuguswa na maji. Nilikuwa sijawahi kuona kitu kizuri namna ile katika nyumba yetu. Nilimchukia bibi kwa kutuficha utajiri. Nikavitandaza vyote viwili juu ya mikahawa, upande wa kina Atupele, nikavinyoosha visibaki na kunyanzi.

Sasa jiweke mahali pa mama Atupele, aliyetoka na beseni la glasi zake na kutupa macho kwetu. Anaona vitanda viko nje. Anaona meza na viti viko nje, nyumba imebaki tupu. Ni kweli ni Jumamosi ya usafi, lakini kwetu hata mtu akifa vitu hutolewa nje ili waombolezaji wapate pa kukaa sakafuni. Anaona shuka jeupe na blanketi jipya, ambavyo kila mwanamke mzima wa Ihanda alijua bibi kizee huvinunua mapema na kuvitunza kwa safari gani. Anaona mtoto peke yake, uso umejaa udongo na machozi. Bibi haonekani.

Akaliachia beseni. Akashika kichwa kwa mikono miwili na kupiga yowe.

Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nilidhani ni wivu. Niliamini mwanamke mwenye makochi manne ameona blanketi letu, na limemchoma mpaka kashindwa kujizuia. Nikalivuta upande mmoja alione vizuri zaidi.

Yowe la msiba halihitaji anayelipeleka. Kabla sijaelewa, wanawake walikuwa wanaingia kwa kila njia, khanga zimefungwa kiunoni, mmoja na unga kichwani, mwingine na mzigo wa kuni. Mlangoni walikomea, kwa kuwa sakafu ilikuwa bado mbichi, na hata wenye uchungu hawakuthubutu kuharibu kazi ya mtu. Wakakaa chini kwenye majani, wakalia. Wanaume wawili waliweka majembe yao chini na kuanza kubishana kwa sauti ya chini kaburi lichimbwe upande gani. Atupele alikaa pembeni na bakuli la maharage mapajani, akililia blanketi letu kwa macho tu.

Ndipo bibi akatokeza kwenye kona ya jiko, na fimbo yake.

"Nani amekufa?"

Mama mmoja alikimbia akaacha kiatu. Bibi akatazama umati, akatazama mikahawa, akaona shuka lake. Akaelewa haraka kuliko wote.

"We mtoto," akaniambia, "ningekuwa na haraka ningesema."

Wakati huohuo mama alifika akihema, miguu peku, kapu la udongo mweupe amelitupa mtoni. Alikuwa amesikia yowe kutoka kule chini na kupanda kilima chote akijua mama mkwe wake amefia mikononi mwa mtoto. Alipomwona bibi amesimama, alikaa chini palepale. Sikujua kama anacheka au analia. Nilijua tu kwamba akiinuka nimekwisha, na hapo ndipo nilipoona nilichofanya.

"Asipigwe leo," bibi akaamua. "Leo tuna wageni. Apigwe kesho." Kisha akawageukia wageni. "Waliokuja na unga wasirudi nao. Pikeni. Na wewe mama Atupele, rudia kidogo ulivyolia. Nilikuwa nimelala."

Watu walicheka mpaka mvua ikatukuta. Tukakimbiza vitanda chini ya mapaa, tukala ugali na maharage tukiwa tumebanana kwenye upenu, huku bibi akiwapitia mmoja mmoja: huyu alilia vizuri, huyu alikuwa anatazama kabati la jirani. Atupele alinisogelea na kunong'ona, "Sisi bibi yetu hana blanketi kama lile." Ushindi nilioutafuta ukanifikia mdomo umejaa ugali, na hata haukuwa na ladha. Kesho yake nilipigwa, kama ilivyopangwa.

Siku hizi ninaishi Tunduma, nyuma ya ukuta. Nina vigae, nina makochi mengi kuliko makalio ya kuyakalia, na shahada ya chuo kikuu inayonisaidia kueleza kwa nini sina muda wa kuyafuta vumbi. Desemba hii binti yangu alirudi likizo na kunifundisha usafi. Alinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, makopo ya plastiki yanayoonyesha ndani, kisha akayaandika: sukari, chumvi, mchele, kana kwamba sukari isipokumbushwa itasahau jina lake. "Mama, kitu usichokitumia mwaka mzima kinatolewa," akasema. Nikamwuliza kama baba yake naye yumo. Hakucheka. Alikuwa anapiga picha za kabati awaonyeshe watu ambao hawajawahi kufika kwetu na hawatafika.

Nilimwonea wivu kwa mpangilio wake, nisiseme uongo. Lakini wivu mkubwa ninao kwa bibi. Mwanamke yule alishuhudia msiba wake mwenyewe. Alijua nani atakuja mbio na nani atabeba unga, akala nao, halafu akaishi miaka sita mingine akiwa hana la kujiuliza. Jirani yangu wa ukuta wa kulia ana malori. Ninaijua honi yake. Jina lake silijui. Juzi tulitoa makochi yote uani kuyaanika, tukafunga geti yasionekane, na jioni tukayarudisha ndani. Hakuna aliyeuliza kwangu kuna nini.