Barabara ya Marafiki na Kaburi la Mume Wangu

Andika kama ninavyosema, mjukuu wangu, wala usinipambie maneno.

Barabara hii ya Pangani, tuliambiwa, ni zawadi ya marafiki wa nchi za mbali. Siku ya kuizindua tuliketishwa juani tangu asubuhi, tukapiga makofi kila mheshimiwa alipotamka "ushirikiano". Nami nilipiga. Lakini rafiki, nijuavyo mimi, hubisha hodi. Hawa walianza kwa kulipaka kaburi la mume wangu alama nyekundu ya X, ambayo hata asiyesoma kama mimi huielewa: ondoa.

Nilimwendea mhandisi wao, kijana aliyeiva kwa jua kama kamba wa kuchemsha. Mkalimani wake alitoka mjini, na viatu vyake havijapata kuona tope. Nikasema sitaki mume wangu afukuliwe.

"Bibi, anasema pole, lakini barabara ni ya wote."

"Mwambie na marehemu yumo katika hao wote."

Hilo hakulitafsiri.

Siku ikafika. Kaburi jipya likachimbwa nyuma ya minazi, katapila likinguruma kando. Sasa, kwetu hakuna maziko yasiyo na mtani. Watu wa ukoo wake na wetu waliruhusiana tangu mababu kutukanana bila kununiana, na msibani kazi yake ni kuvuruga kilio mpaka apewe chake. Mtani wa mume wangu ni ajuza mwenzangu, jirani wa ng'ambo ya njia. Kabla la zamani halijafukuliwa, alijitosa katika lile jipya, akajilaza, akajifunika khanga.

"Sitoki! Alipozikwa mara ya kwanza nilipewa jogoo. Mara ya pili nataka beberu! Mvivu huyu, akiwa hai hakwenda hata kisimani, leo anasafirishwa kwa katapila!"

Tulicheka hadi tukashika mbavu. Mhandisi akasawajika, akauliza kulikoni. Mkalimani aliona haya kumweleza mgeni mambo yetu. Kibarua mmoja aliyeizoea lugha yao alitusimulia baadaye jinsi mkalimani alivyojibu: kwamba bibi huyu anagoma, na yu radhi kufukiwa mzima. Simu zikapigwa. Katapila likazimwa. Wakubwa wa nchi mbili wakashauriana kwa ajili ya kikongwe anayedai mbuzi.

Barabara ikapindwa, kaburi likabaki. Ila barabara ikikwepa huku hulalia kule: alama nyekundu ikahamia kwenye jiko la mtani. Lilipobomolewa, akanijia na sufuria kichwani, akifoka.

"Mumeo hata kufa hajui! Yeye kalala palepale, nimehamishwa mimi!"

"Si ulitaka kuzikwa? Shukuru wamechukua jiko tu."

"Hebu nipishe mekoni, mjane mkavu we!"

Nikampisha. Anapika kwangu hadi leo, naye hutia chumvi kana kwamba anakausha papa.