Punje za Njano katika Mahindi ya Mama

Mama yangu amepanda mbegu ya aina moja tu ya mahindi maisha yake yote. Alipewa na mama yake alipoolewa Magarini: mahindi machache yaliyofungwa pamoja kwa maganda yao na kutundikwa juu ya mafiga ili moshi uwafukuze wadudu. Yalikuwa meupe pe, punje zake ngumu kama kokoto, na sima yake ilikuwa na utamu ambao sijauonja kwingine. Watu walikuja kumwomba mbegu hata kutoka Marereni.

Likizo moja ya Agosti nilirudi nyumbani kutoka Malindi, ambako nafundisha biolojia katika shule ya sekondari, nikamkuta amekaa uani na rundo la mavuno. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akanipa hindi moja alilolimenya.

"Hebu tazama."

Katikati ya weupe kulikuwa na punje za njano, hapa moja, pale tatu, kama kinywa cha mtu aliyetiwa meno ya dhahabu.

"Yako mengi hivi?"

"Upande wa kusini wa shamba karibu yote. Mbegu aliyonipa nyanya yako imekufa mikononi mwangu, mwanangu. Na watu wameshaanza kusema kuna mkono wa mtu."

Nilielewa alichoogopa: uchawi kutajwa. Maneno kama hayo yakishaanza kijijini hayana breki. Nikachukua jamvi nikakaa karibu naye.

"Mama, huu ni mkono wa upepo."

Nikamweleza kwamba mahindi ni nyasi, ndugu wa mtama, wa muwa, wa mwanzi, hata wa ukoka anaoupalilia kila siku. Wote wana shina la pingili na mafundo, na jani linaloanza kwa kulikumbatia shina. Alicheka kwa mara ya kwanza siku ile.

"Na ndago je? Maana huyo ndiye adui yangu."

"Ndago si wa ukoo huo, ila ni ukoo wa karibu. Lisokote shina lake vidoleni, utasikia pembe tatu."

Aling'oa shina moja palepale ukingoni mwa ua, akalisokota, akatikisa kichwa. "Na miaka yote nimeling'oa bila kuligusa vizuri."

Kisha tukarudi kwenye mahindi. Nilimwambia kwamba mtama huzaa mbegu zake nyingi kwa unga wa ua lake lenyewe. Mahindi yametenganisha mume na mke: ua la kiume liko kileleni, na hindi, ambalo ni la kike, liko kwapani mwa jani. Kila unywele wa ndevu za hindi umeungana na punje moja. Chembe ya unga wa kileleni ikitua kwenye unywele huo, punje inatungwa, na rangi ya baba huonekana mwaka uleule.

Mama akaligeuza hindi mkononi. "Basi baba ni nani?"

Tulitazama kusini sote wawili. Ng'ambo ya ua wetu alikuwa amehamia jirani kutoka bara, mfugaji wa kuku, na alikuwa amepanda mahindi ya njano ili viini vya mayai yake vikolee. Upepo wa kusi ulikuwa umevuma wiki nzima mahindi yalipochanua.

Tulikwenda kwake jioni ileile. Alitupokea kwa shikamoo, lakini alipoliona hindi mkononi mwa mama uso ulimbadilika.

"Mama, mimi sikufanya kitu. Nimesikia wanayosema watu."

"Najua, baba," mama akamjibu. "Binti yangu amenieleza. Ni upepo. Nimekuja tupange namna ya kupanda."

Haikuwa rahisi. Jirani alisema mvua haimsubiri mtu, na akichelewa sana kuku wake watakosa chakula. Mwishowe mama ndiye aliyepata njia: yeye angepanda kwenye udongo mkavu kabla ya mvua za masika, jirani apande mvua zikishakolea. Kwa njia hiyo, mahindi ya mama yangekuwa yamemaliza kuchanua kabla ya yale ya njano kuanza. Jirani akakubali, na akatupatia mayai ya kubeba.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya mama. Nilimwambia achague punje nyeupe tu kwenye yale mahindi yaliyochanganyika, kwa sababu punje iliyorithi unjano hata kwa mzazi mmoja haiwezi kuuficha.

"Basi nyeupe haina siri," akasema.

"Haina, mama."

Alizichagua moja moja, miwani puani. Msimu uliofuata nilimpelekea mifuko ya kaki. Alifunika mahindi ya mbegu kabla ndevu hazijatoka, na asubuhi umande ukikauka alikung'uta ua la kileleni ndani ya mfuko, akaumwaga unga wake juu ya ndevu kwa mkono wake. Wapita njia walisimama kumshangaa mama mtu mzima akiyavisha mahindi mifuko. Yeye aliendelea na kazi.

Mavuno yale yalikuwa na punje za njano za kuhesabika. Ya mwaka uliofuata hayakuwa na hata moja. Nilimenya rundo zima mwenyewe nikitafuta, mama akinitazama kwa dharau ya mzaha.

"Tafuta tu, mwalimu."

Muhula uliopita nilimwalika darasani. Alivaa leso mpya, akasimama mbele ya vijana wangu akiwa na hindi moja bichi. Hakuniiga hata neno moja. Aliliambua ganda polepole, akavuta unywele mmoja wa ndevu kwa vidole viwili mpaka ukaonekana ulikoshika.

"Huyu ana mtoto wake mmoja," akawaambia. "Na huyu wake. Hakuna anayezaa kwa niaba ya mwenziwe."

Binti mmoja aliuliza kama mahindi yaweza kukataa unga wa jirani. Mama alinitazama. Nilikuwa nimekaa dawati la nyuma, nikampa ishara ajibu mwenyewe.

"Hayawezi," akasema. "Ndiyo maana mimi na jirani yangu tunazungumza."